Hema la Jamaa: Tusidanganywe na Hesabu ya Muuzaji

Kila mwaka wakati wa kiangazi, shule zikisha kufungwa, zipo jamaa za mjini ambazo hupakia watoto katika motokari, hutia vyungu na blanketi nyuma, na kwenda kulala siku mbili tatu porini, karibu na mto au ziwa. Ni jambo jema. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi, asiyejua ila barabara ya lami na nyumba za matofali, huko huona nyota zote, husikia vyura na ndege wa usiku, na humwona baba yake akipasua kuni kama babu yake alivyofanya. Safari ya namna hii haitaki fedha za hoteli. Yataka hema. Lakini si hema lolote. Tunaandika habari hii kwa sababu sisi wenyewe tulikosa katika kuchagua, na kosa letu lilikaribia kututoza deni ambalo hakuna mzazi awezaye kulilipa.

USIKU MMOJA KANDO YA ZIWA

Ilikuwa mwezi wa saba. Tulitoka Lubumbashi asubuhi, tukapita Likasi, tukafika kando ya ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira. Tulikuwa watu sita: baba, mama na watoto wanne. Hema tuliazimwa na rafiki, nalo liliandikwa juu ya mfuko wake: watu 6. Basi, sita kwa sita, tukaona hesabu imetimia.

Jioni tulipotandika mikeka tukaelewa. Watu sita walienea, naam, lakini bega kwa bega kama dagaa katika kopo. Mizigo haikuwa na mahali; tukaisukuma kwenye kuta za hema, na watoto wa pembeni wakalala wakigusa nguo yake. Wengi hufikiri kwamba Katanga hakuna baridi. Katika mwezi wa sita na wa saba, nyanda zetu za juu hushuka usiku chini ya digrii 10. Baridi ilipozidi, tukaziba matundu ya hewa kwa vitenge. Pumzi za watu sita zikageuka matone juu ya nguo ya hema, matone yakalowesha mablanketi, na mablanketi yaliyolowa yakaongeza baridi. Mtoto mdogo akaanza kulia.

Ndipo tulipofanya upumbavu. Nje palikuwa na mbabula tuliyopikia bugali, makala yake yamekuwa mekundu, bila moshi hata kidogo. Tukasema: Haitoi moshi, itadhuru nini? Tukaiingiza ndani, tukafunga mlango. Joto lilikuwa tamu. Baada ya muda, binti yetu wa kwanza akasema kichwa chamwuma. Tukamwambia alale. Akasema tena, kisha akatapika. Mama yake alijaribu kuinuka, magoti yakamlegea. Hata hivyo alitambaa mpaka mlangoni, akavuta zipu, akawasukuma watoto nje mmoja mmoja. Sisi tulitoka wa mwisho, kichwa kikizunguka. Watoto walimaliza usiku ule katika motokari, vioo vikiwa wazi kidogo. Sisi wakubwa tulikaa nje kando ya moto, tukawa tunawaamsha kila mara ili kusikia sauti zao. Kulipokucha tukawapeleka wote kwa mganga wa hospitali.

Tazameni jinsi mambo yalivyofuatana. Hema dogo lilileta msongamano; msongamano ulileta unyevu; unyevu ulileta baridi; baridi ilileta mbabula. Kwa hiyo tunapowashauri kutafuta hema lenye nafasi, hatusemi habari ya raha tu.

HESABU YA WATU

Mtengenezaji wa mahema huhesabu watu kama mtu apangaye mbao. Kila mtu hupewa upana wa sentimeta kama 60 na urefu wa mita mbili, bila mfuko, bila ndoo, bila mtoto ajigeuzaye usiku. Sheria nyepesi ni hii: hesabu watu wa nyumba yako, kisha ongeza wawili. Watu wanne watafute hema la sita. Watu sita watafute hema la wanane.

Iko njia nyingine ya hakika, nayo haigharimu kitu. Kabla ya kununua, muulize muuzaji vipimo vya chumba cha kulala. Rudi nyumbani, uvichore kwa chaki juu ya sakafu au uani, utandike mikeka na magodoro yako ndani ya mstari, kisha uwaambie watoto walale. Ukiona mguu unapita nje ya mstari, hema hilo si lenu.

Tazama kimo pia. Hema la kwenda kwa miguu huwa fupi na jepesi, maana mtu hulibeba mgongoni. Anayekwenda kwa motokari hana taabu hiyo: kilo 15 au 20 nyuma ya gari si kitu. Basi achague hema ambalo mtu mzima husimama ndani, yaani lenye kimo cha sentimeta 180 au zaidi. Mama anayevalisha mtoto akiwa ameinama siku tatu atarudi mjini na mgongo mbovu. Lenye pazia katikati ni bora zaidi, wazazi upande mmoja na watoto wakubwa upande mwingine. Heshima ya nyumbani haibaki nyumbani. Na likiwa na baraza mbele, viatu vya tope na vyungu vitalala hapo.

NGUO YA HEMA NA MVUA

Mahema mengi ya leo hushonwa kwa poliesta au nailoni. Nailoni hulegea ikilowa, na jua huiharibu upesi kuliko poliesta. Kwa nchi yetu ya jua kali poliesta yafaa zaidi. Hema la pamba nzito ni zuri: hupitisha hewa, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu. Lakini ni zito, huchelewa kukauka, na likifungwa likiwa bichi huoza. Hema jipya la pamba hulowanishwa kwanza nyumbani na kuachwa likauke, ili nyuzi zikazane.

Juu ya karatasi ya hema utaona hesabu ya milimeta, kwa mfano 2000 au 3000. Si urefu wa hema. Mafundi huibana nguo chini ya bomba lililosimama, hupandisha maji ndani yake, na kutazama ni kwa kimo gani matone yanaanza kupenya. Nguo ya 3000 hustahimili maji ya kimo cha mita tatu. Kwa mvua zetu za mwezi wa kumi na mbili, usichukue paa lililo chini ya 2000. 3000 ni afadhali. Sakafu itake zaidi, 5000 au kupita, kwa sababu goti la mtu husukuma nguo juu ya udongo uliolowa. Tazama pia mishono: iwe imefunikwa kwa utepe kwa ndani, maana sindano hutoboa hata nguo iliyo bora.

Hema la jamaa liwe na nguo mbili, ya ndani na ya nje, zisizogusana. Pumzi hupita nguo ya ndani na kugeuka maji juu ya ile ya nje, nayo huteremka bila kuwalowesha. Ukitandika turubai chini, ikunje isitokeze nje ya hema. Ikitokeza itakinga mvua na kuikusanya chini ya magodoro yenu.

NGUZO NA VIGINGI

Hema la mviringo, ambalo fito zake hupishana juu, husimama imara katika upepo. Lile refu kama handaki lina nafasi nyingi, lakini halisimami pasipo kamba na vigingi, na kichwa chake lazima kielekezwe kwenye upepo. Lenye kuta wima kama nyumba hupendeza kwa kukaa, ila upepo hulisukuma kama tanga la mtumbwi. Fito za aluminiumu hudumu kuliko zile za nyuzi za kioo, ambazo hupasuka na kuchoma mikono. Vigingi vyembamba vinavyotolewa pamoja na hema huwa dhaifu. Mhunzi wa mtaani aweza kukutengenezea vya chuma kigumu. Vipigilie vikiinama, kichwa kikielekea mbali na hema.

Akinunuaye hema lililokwisha kutumiwa asione haya kulifungua lote mbele ya muuzaji. Avute nguo kwa vidole: ikipasuka, jua limekwisha kuila. Anuse: harufu ya ukungu haitoki. Ahesabu fito zote. Afungue na kufunga kila zipu mara tatu.

MLANGO, HEWA NA MBU

Tafuta milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Usiku watu hawarukani, na siku ya hatari hakuna anayemngoja mwenziwe. Kila mlango na kila dirisha liwe na wavu mwembamba usio na tundu, maana mbu aina ya anofelesi, aletaye malaria, huuma usiku, naye hupenda maji kama ninyi mnavyoyapenda. Chukueni sindano na uzi kwa wavu uliochanika. Watoto wadogo walale ndani ya chandarua chenye dawa hata wakiwa hemani.

Matundu ya hewa ya juu yasizibwe kamwe. Baridi hufukuzwa kwa njia nyingine. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Kwa hiyo tandika mkeka na blanketi chini, si juu tu. Valisheni watoto kofia na soksi kavu. Maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa hupasha miguu ya mtoto mpaka usiku wa manane.

MBABULA IKAE NJE

Hapa tunaomba kila baba na kila mama wasome polepole. Makala yakiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Huingia katika damu na kushika chembe nyekundu kwa nguvu zipitazo mara 200 nguvu za hewa njema, hata mwili hukosa pumzi ingawa kifua chapanda na kushuka. Makala yasiyo na moshi hayakuacha kuitoa. Hata mbabula inayoelekea kuzimika yaitoa. Katika nchi za Ulaya, jamaa waliopiga hema wamekufa usingizini baada ya kuingiza jiko la makala walilokwisha kupikia, ili wapate joto tu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Mtu mmoja akilalamika, yawezekana wote wameanza kudhurika. Msiulizane; tokeni nje wote, kisha mwende hospitali.

Jiko la gesi na taa ya mafuta nazo zikae nje. Motokari isiachwe ikinguruma karibu na mlango wa hema, maana moshi wake unayo sumu hiyohiyo.

MAHALI PA KULISIMAMISHA

Tafuta mahali palipoinuka kidogo. Bondeni ni kuzuri machoni, lakini maji ya mvua hukujua. Usilale chini ya mti mkavu wala chini ya matawi makubwa ya mkaratusi, yaangukayo hata bila upepo. Uwe mbali na ukingo wa maji na njia za viboko. Waulize wavuvi wa mahali, nao watakuonyesha. Ngurumo zikianza, hema si kimbilio. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi. Ingieni wote katika motokari yenye paa la chuma, fungeni vioo, msiguse chuma mpaka ngurumo zipite. Hii ndiyo faida ya kusafiri na gari ambayo wengi huisahau.

Mwisho, kabla ya safari lisimamisheni hema uani, mchana, mtu mzima na watoto pamoja, kila mmoja na kazi yake. Mwagieni maji juu yake, mtazame panapovuja. Mkirudi, msilikunje mpaka likauke kabisa.

Sisi tulirudi Tshangalele mwaka uliofuata. Hema lilikuwa la watu wanane, lenye milango miwili, nasi tulikuwa watu sita walewale. Kwa hilo tunashukuru kila siku. Usiku baridi ilikuja kama ilivyoahidi. Binti yetu wa kwanza, kabla ya kulala, alitoka peke yake bila kutumwa, akamwaga maji juu ya makala, akaipindua mbabula mbali na hema, akarudi kuyatazama matundu ya hewa kama yako wazi. Hatukumwambia neno. Alikuwa amekwisha kujifunza, na sisi pia.