Tonge Halitoi Mwiba

Kwenye vibanda vya samaki wa kukaanga Kawe, aliyekwamwa na mwiba huambiwa ameze tonge kubwa la ugali bila kutafuna. Mara nyingi mwiba hushuka, na tonge ndilo linalopata sifa. Usiposhuka, tonge huukandamiza ukazama kwenye ukuta wa umio, na safari ya hospitali ya Mwananyamala au Muhimbili huanzia hapo.

Si kila safari huishia kwenye kisu. Kati ya vitu 10 vinavyomezwa, 8 au 9 hutoka vyenyewe chooni. Vingi kati ya vinavyobaki hutolewa kwa endoskopi, mpira wenye kamera na koleo dogo unaopitishwa mdomoni. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa waliokwamwa na vitu kwenye umio au njia ya hewa, wengi wao watoto wadogo: kwenye umio sarafu ziliongoza, kwenye njia ya hewa karanga.

Mwiba una vitimbi vyake. Ukitoboa umio, mate na chakula huvujia shingoni au kifuani, homa hupanda, usaha hujaa. Kama tundu liko shingoni, daktari hupasua pembeni mwa shingo, huosha, hushona ikiwa nyama bado nzima, kisha huacha mrija wa kutolea uchafu. Mgonjwa hulishwa kwa mpira hadi kidonda kifunge. Likiwa kifuani, upasuaji ni mzito zaidi, maana mshipa mkuu wa damu umepita jirani.

Kuna mwiba unaofika salama hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ndipo unapotoboa. Maumivu huwa chini kulia mwa tumbo, mgonjwa ameshasahau hata samaki mwenyewe. Daktari hufungua tumbo akitafuta kidole tumbo, akakuta mwiba.

Betri bapa ya rimoti haitoi hata nafasi ya kungoja itoke yenyewe: ikikwama kwenye umio huunguza ndani ya saa 2. Mtoto aliyetimiza mwaka 1 anaweza kupewa vijiko vidogo 2 vya asali kila dakika 10, lakini njiani, si kwa kukaa nyumbani kungoja. Kwenye eksirei sarafu huonekana duara tupu. Betri huwa na pete mbili, moja ndani ya nyingine. Daktari akiziona hizo mbili, haulizi mtoto amekula saa ngapi, anaitoa.