Dawa ya Usingizi na Askari wa Damu

Katika vikundi tunavyotembelea, mchango wa operesheni ukitangazwa, hakosi mtu wa kusema: "Pesa tutatoa, lakini hiyo nusukaputi huua damu. Ukitoka thieta kidonda hakikauki." Kwa maneno haya wengine hukaa na ngiri miaka mingi, na akina mama na uvimbe tumboni, mpaka mambo yaharibike. Basi tulieleze jambo lenyewe, maana ndani yake mna ukweli kidogo.

Damu ina chembechembe nyeupe. Hizo ndizo askari wetu. Kidudu kikiingia kwenye jeraha, askari hutoka ndani ya mshipa, humfuata adui, humeza na kuua. Sasa dawa za usingizi za kuvuta kwa pumzi, kama vile halotheni na isoflureni, hupitia mapafuni na kuingia kwenye damu. Huko huwafanya askari wawe wazito. Hawashiki sawasawa kwenye ukuta wa mshipa ili watoke nje, na nguvu yao ya kuua hupungua. Lakini hawafi! Dawa ikifungwa, mgonjwa huitoa kwa pumzi, na askari nao huanza kuamka.

Iko gesi moja, naitrasi oksaidi, ambayo inaweza kuwapunguza kabisa. Mwaka wa 1956 madaktari wa Copenhagen, Denmark, waliandika habari za wagonjwa wa pepopunda waliolazwa kwa gesi hiyo siku kadhaa mfululizo. Uboho wa mifupa yao, ambao ndio kiwanda cha chembechembe hizo, ulilegea, na askari wakapungua sana. Baadaye ikajulikana kwamba gesi hiyo huharibu kazi ya vitamini B12 mwilini. Lakini angalieni: hizo zilikuwa siku, si saa moja ya kushona ngiri.

Sisi tunaona la kuogopwa zaidi ni jeraha lenyewe, uchafu, na baridi. Ndiyo, baridi. Mwaka wa 1996 kulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo huko Austria. Kati ya walioachwa wapoe wakati wa operesheni, 19 kwa kila 100 walipata usaha kwenye kidonda. Kati ya waliopashwa joto, ni 6 tu.

Kwa hiyo, pamoja na pesa, kikundi kitafute blanketi zito la kumfunika mgonjwa njiani na wodini. Aoge kwa sabuni kabla ya kwenda. Asijinyoe kwa wembe nyumbani, maana kila mkwaruzo ni mlango wa viini. Kama ana kisukari au virusi vya ukimwi, au anavuta sigara, amwambie daktari bila kuficha, kwa kuwa askari wake tayari wamechoka.

Akirudi nyumbani, kidonda kisipakwe majivu wala majani. Kikiwa na moto, kikivimba au kutoa usaha, ama homa ikipanda, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje mkutano wa Jumapili.