Mtambo wa Gita: Nyuma Kwenye Raki au Miguuni?

Tarehe 8 Desemba 2013 bendi ya Metallica ilipiga muziki kwenye kituo cha utafiti cha Carlini, kambi ya Argentina huko Antaktika. Wasikilizaji walikaa ndani ya kuba wakiwa wamevaa hedifoni, kwani spika kubwa hazikuruhusiwa, kwa ajili ya kulinda mazingira. Bendi iliyojijengea jina kwa ngurumo za amplifaya ililazimika kuzifikisha ngurumo hizo masikioni mwa watu bila kuitikisa hewa ya pale. Katika ziara zilizofuata magita yao yamekuwa yakipita kwenye Axe-Fx, sanduku la kidijitali la kampuni ya Fractal Audio ya Marekani, linaloiga amplifaya na kufungwa kwenye raki.

Mitambo ya aina hiyo imeshafika kwetu. Utaikuta madhabahuni kanisani, kwenye kumbi za harusi na kwenye studio za chumba kimoja. Mpiga gita anayekwenda kununua hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: achukue sanduku la kufunga kwenye raki, au bapa lenye vitufe vya kukanyaga, la kuweka sakafuni? Wengi huamini cha raki ndicho cha wataalamu na cha sakafuni ni cha wanaoanza. Imani hiyo ina asili yake. Raki yenyewe ni urithi wa mitambo ya simu ya Marekani ya miaka ya 1920: upana wake ni milimita 482.6, na kila ngazi ina kimo cha milimita 44.45, vipimo ambavyo havijabadilika hadi leo. Studio kubwa zikavirithi, na Axe-Fx ya kwanza ilipotoka mwaka 2006 ilikuwa ya raki. Sifa ya mtambo bora ikashikamana na umbo hilo.

Naona imani hiyo imepitwa na wakati. Umbo haliamui sauti. Linaamua waya upite wapi, joto litoke wapi, na mguu ufanye kazi gani.

Tuanze ndani ya sanduku. Mtetemo wa nyuzi ukishakuwa umeme, mtambo huupima mara 48,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kuanzia hapo gita ni hesabu tupu. Chipu inakokotoa kile ambacho vali za kioo, transfoma na spika ya amplifaya halisi vingeufanyia umeme ule. Chukua kasha la spika peke yake. Mhandisi hulirekodi likijibu mlio mmoja mfupi sana, na jibu hilo huhifadhiwa kama mlolongo wa namba, tuseme 2,048. Ili gita lisikike kana kwamba limepita kwenye kasha lile, kila kipimo kinachotoka lazima kichanganye vipimo 2,048 vilivyotangulia. Ukizidisha kwa 48,000, unapata hesabu zaidi ya milioni 98 kwa sekunde, na hapo bado hujagusa mwangwi wala kikwaruzo. Wahandisi wana mbinu za kuifupisha kazi hiyo, lakini inabaki kuwa kubwa.

Kikwaruzo, yaani distortion, ndicho kinachoila chipu zaidi. Sauti ikikwaruzwa huzaa masafa mapya ya juu. Mtetemo wa kilohezi 5 huzaa wa 10, wa 15, na kuendelea hadi wa 35 na zaidi. Mtambo unaopima mara 48,000 kwa sekunde hauwezi kubeba chochote kinachozidi kilohezi 24. Ule wa 35 haupotei. Hukunjwa na kurudi chini, ukasikika kwenye kilohezi 13, mahali ambapo hakuna noti yoyote iliyouita. Ni kama gurudumu la gari kwenye filamu linaloonekana kuzunguka kinyumenyume kwa sababu kamera haipigi picha haraka vya kutosha. Sikio huusikia kama ukakasi wa kioo usiohusiana na wimbo. Dawa yake ni kuhesabu kwa kasi mara kadhaa zaidi kwenye hatua ya kikwaruzo tu, kisha kuchuja na kushuka tena. Hapo ndipo nguvu ya chipu inapokwenda.

Je, chipu za raki zina nguvu zaidi? Inategemea kampuni. Line 6 ilipotoa Helix mwaka 2015, ya raki na ya sakafuni zilitoka na injini ileile. Kemper ya Ujerumani ilianza na umbo la amplifaya na la raki, na mwaka 2019 ikatoa Stage, ya sakafuni, nayo ikabaki na injini yake ileile. Neural DSP ya Finland ilitoa Quad Cortex mwaka 2021 ikiwa ya sakafuni tu, bila ndugu wa raki kabisa. Fractal ndiyo iliyobaki na ngazi: Axe-Fx III ya raki, ya mwaka 2018, ina misuli zaidi kuliko FM9 na FM3 za sakafuni zilizoifuata. Lakini hata kwa Fractal tofauti kubwa ni wingi wa vitu unavyoweza kuwasha kwa pamoja. FM3 hukupa amplifaya moja kwa wakati, FM9 na Axe-Fx III hukupa mbili.

Sasa jiulize wimbo wako unadai nini. Gita la solo la dansi, kama lilivyokomaa kati ya Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi, ni sauti safi: nyuzi za juu, vidole vyepesi, kwaya kidogo ya kielektroniki, mwangwi mfupi. Kikwaruzo karibu hakipo. Mpigaji wa namna hiyo akinunua mtambo mkubwa kuliko yote, sehemu kubwa ya chipu italala. Anachokihitaji ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa sababu kwenye sauti safi hakuna mahali pa kuficha kasoro, na mlango huo huanzia kwenye waya.

Hapa fizikia inamtetea mtambo wa sakafuni. Pikapu ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, na umeme wake ni dhaifu na wenye ukinzani mkubwa. Waya wa jeki nao hutunza chaji kidogo katika kila mita, kwa kawaida pikofaradi 100 hivi. Pikapu na waya vikiungana hutengeneza kilele, yaani eneo la masafa linalong'ara kuliko mengine, na kilele hicho hushuka waya unapoongezeka urefu. Kwa pikapu yenye induktansi ya henri 2.5, waya wa mita 3 unakiacha kwenye kilohezi 5 hivi. Waya wa mita 12, unaotoka mbele ya jukwaa kuzunguka ngoma hadi kwenye raki kule nyuma, unakishusha chini ya kilohezi 3. Ule mng'aro wa solo unaopenya juu ya ngoma na tarumbeta uko hapohapo katikati. Fundi mitambo ataongeza sauti kali kwenye mikisa, na kelele zote za masafa ya juu zitapanda pamoja nayo.

Mtambo ukiwa miguuni, mita 3 zinatosha. Kutoka hapo kwenda kwenye mikisa umeme umeshapata nguvu, na ukipita kwenye waya wa pini tatu unaweza kusafiri makumi ya mita bila kupoteza kitu cha kusikika. Mwenye raki anaweza kulikwepa tatizo kwa kutumia waya wa hewani, kwani kirushio chake hukaa kiunoni na waya wa gita unabaki chini ya mita moja. Ndivyo bendi kubwa zinavyofanya. Lakini hiyo ni gharama nyingine, na betri nyingine ya kukumbuka.

Kuchelewa kwa sauti kunaogopwa kuliko kunavyostahili. Mtambo wa kisasa huchelewa milisekunde chache. Kwenye hewa ya nyuzijoto 30 sauti husafiri sentimita 35 hivi katika kila milisekunde, kwa hiyo milisekunde 4 ni sawa na kusimama chini ya mita moja na nusu kutoka kwenye amplifaya. Ukiongeza kirushio cha kidijitali na mikisa ya kidijitali unaweza kufika 8 au 10. Mpiga rithimu mwenye mkono mkali ataanza kulihisi hilo. Hesabu mnyororo mzima, usilihesabu sanduku peke yake.

Raki ina ubora wake, na kwetu ubora huo uko kwenye umeme. Amplifaya ya zamani ya transista ukiikatia umeme na kuurudisha, inalia papo hapo. Mtambo wa kidijitali ni kompyuta: umeme ukipepesa wakati jenereta inapopokea, unazima, kisha inabidi uwake upya huku bendi ikiwa katikati ya sebene. Ndani ya raki unaweza kufunga UPS ndogo, yaani betri ya akiba, chini ya mtambo, na kwa kuwa mtambo wenyewe hutumia wati za makumi machache, betri hiyo inavuka pengo bila shida. Kila kitu kikichota umeme kwenye soketi moja, ule mvumo wa hezi 50 na 100 unaoletwa na waya wa ethi kuzunguka kati ya soketi mbili hupungua pia. Vyombo vya kukodi vikija na nyaya za kuunga na soketi zisizo na ethi, ulinzi huo si anasa. Mwenye mtambo wa sakafuni naye anaweza kubeba UPS kwenye begi, ila ni lazima aikumbuke. Kwenye raki imefungwa na skrubu.

Joto nalo lina upande wake. Mitambo mingi ya sakafuni hutolea joto kwenye chuma cha mwili wake. Ndani ya ukumbi hakuna neno, lakini jukwaa la uwanjani saa nane mchana, jua likipiga chuma cheusi, ni jambo jingine: weka kivuli. Raki iliyofungwa nyuma kwa kifuniko wakati wa onyesho hujipika yenyewe vilevile, kwa hiyo fungua milango yote miwili na uache ngazi moja tupu juu ya mtambo. Na pwani, chumvi ya hewani hula jeki za aina zote mbili. Za sakafuni hupata na vumbi, jasho na soda iliyomwagika.

Raki peke yake haikanyagiki. Itahitaji ubao wa vitufe mbele, na waya wa kuuunganisha, na pedali ya sauti, na waya wake. Kila ncha ya waya ni mahali pengine pa kuharibika usiku wa kazi. Bendi yenye fundi anayesimama nyuma na kubadilisha sauti kwa niaba ya mpigaji hailioni tatizo hilo. Bendi ambayo mpiga solo ndiye anayefunga, anayepiga na anayefungua vyombo, huliona kila Jumamosi. Kuna uzito pia: Quad Cortex haifiki kilo 2, Helix ya sakafuni ni kilo 6.6, lakini raki ya ngazi nne ndani ya kasha gumu, ikiwa na kirushio na UPS, hupita kilo 15 kwa urahisi. Kwenye bajaji tofauti hiyo ni ya mkono na mgongo, na kwenye ndege ni ya pesa.

Studio inageuza mizani. Hapo hakuna mguu wa kukanyaga, waya ni mfupi, umeme umeshatulizwa, na mtambo uko usawa wa mkono karibu na kompyuta. Kuinama sakafuni kila mara kurekebisha kitufe kunachosha na kunapoteza saa za kulipia. Mitambo mingi ya aina zote mbili hujiunga na kompyuta kwa USB, na jambo la kusisitiza ni kurekodi njia mbili kwa pamoja: gita lililokwisha kupambwa, na gita tupu lisiloguswa. Lile tupu ndilo akiba. Wiki mbili baadaye prodyuza akisema sauti haikai na sauti ya mwimbaji, unalipitisha tena kwenye mtambo bila kumwita mpigaji arudi.

Liko kosa ambalo umbo haliwezi kulirekebisha. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kwanza. Anayetengeneza sauti zake usiku kwa hedifoni, watoto wakiwa wamelala, huongeza besi na makali ili kufidia. Jumamosi, sauti ikifunguliwa, vyote viwili vinavimba, na gita linazama ndani ya besi ya bendi. Tengeneza sauti kwa ukubwa utakaopigia, kwenye spika, ukiwa umesimama.

Kwa hiyo anayeishi studio, au mwenye bendi iliyo na fundi, gari na kirushio, anunue ya raki. Mpigaji mwingine yeyote anayebeba vyombo vyake mwenyewe anunue ya sakafuni, na pesa itakayobaki aiweke kwenye UPS na waya mmoja mzuri wa mita 3. Ukienda dukani nenda na gita lako na waya wako, omba uunganishwe kwenye spika kubwa, na piga wimbo ambao bendi yako huupiga kila wiki kabla hujalipa.