Mwalimu wa watoto wadogo

Mtu akitaka kuwa seremala, hukaa kwanza na fundi, akijifunza kushika randa na msumeno. Akitaka kuwa mganga wa hospitali, husoma miaka mingi. Lakini msichana akisema: «Nataka kufundisha watoto wa miaka 3 na 4», wako watu wanaomcheka. Husema: «Kazi hiyo haitaki masomo. Kuangalia watoto wakicheza, nani asiyeweza?» Je, wanasema kweli? Someni, mtaona.

1. Shule ya watoto wadogo

Katika Kongo mtoto huingia shule ya msingi akiwa na miaka 6. Kabla ya hapo, tangu miaka 3 mpaka 5, aweza kwenda shule ya watoto wadogo. Wengi huiita maternele. Masomo yake ni ya miaka 3. Si lazima mtoto apite huko, na vijiji vingi havina shule ya namna hiyo.

Huko hakuna dikte wala hesabu ndefu. Watoto huimba, huchora, hukimbia, hupanga vitu na kusikiliza hadithi. Basi, ni mchezo tu? Sivyo. Angalieni mtoto aliyepewa vizibo 10 vya chupa, 5 vyekundu na 5 vyeupe. Mwalimu amwambia: «Weka vyekundu huku, vyeupe kule.» Jicho la mtoto lajifunza kupambanua. Kisha amwambia: «Sasa panga kimoja chekundu, kimoja cheupe, mpaka mwisho.» Akili yake yajifunza kufuata utaratibu. Kisha ahesabu, akigusa kizibo kimoja kimoja. Vidole vyake vyajifunza kushika kitu kidogo bila kukiangusha, na vidole vile vile kesho vitashika kalamu. Mwalimu aliyefundishwa huona hayo yote. Asiyefundishwa huona vizibo tu.

2. Mzee Froebel na wanafunzi wake

Friedrich Froebel alizaliwa Ujerumani mwaka 1782. Mama yake alikufa kabla mtoto hajatimiza mwaka 1. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ualimu, akafikiri sana juu ya watoto ambao bado hawajaingia shule. Aliona kwamba mtoto anapocheza hapotezi wakati, anajifunza. Mwaka 1837 alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg. Aliwapa mipira ya nyuzi yenye rangi mbalimbali na vipande vya mti vya kujengea. Mwaka 1840 aliipa shule yake jina ambalo maana yake ni «bustani ya watoto». Kwa nini bustani? Kwa sababu mche hauvutwi ili uwe mrefu. Hutiwa maji, hupaliliwa, nao hukua wenyewe kwa wakati wake.

Lakini bustani yataka mtunzaji anayejua kazi. Kwa hiyo Froebel alianza kufundisha wasichana kazi ya kulea na kufundisha watoto. Ndipo taabu ilipotokea. Mwaka 1851 Serikali ya Prussia ilikataza shule zake zote. Ilimchanganya na mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa ameandika mambo yasiyoipendeza Serikali. Mzee alijitetea, hakusikilizwa. Mwaka 1852 alikufa, na shule zake zilikuwa zimefungwa bado.

Je, kazi yake ilikufa pamoja naye? La. Wale aliowafundisha walikuwa wameshika ufundi ule mikononi mwao. Waliupeleka katika nchi nyingine, hata ng'ambo ya bahari. Mwanamke mmoja Mjerumani, Margarethe Schurz, alifungua bustani ya watoto katika Marekani mwaka 1856. Mwaka 1860 katazo la Prussia liliondolewa. Nyumba ya shule yaweza kufungwa kwa ufunguo, lakini elimu iliyo ndani ya mwalimu haifungiki.

3. Mtoto asiyejibu

Tuseme katika kalasi yumo mtoto wa miaka 4. Akiitwa, haitikii. Akiambiwa: «Leta kiti», asimama tu. Mwalimu asiyefundishwa atasema: «Mtoto huyu ni mkaidi.» Atamgombeza, pengine atampiga. Mtoto ataogopa, naye atanyamaza zaidi.

Mwalimu aliyefundishwa hakasiriki upesi. Husimama nyuma ya mtoto na kupiga makofi polepole. Mtoto hageuki! Huangalia sikio, aona linatoa usaha. Basi, si ukaidi, ni ugonjwa. Amwita mama yake na kumwambia: «Mama, mpeleke mtoto hospitali, sikio lake linaumwa.» Tena amkalisha karibu naye, apate kumwona akisema. Sikio likitibiwa mapema, mara nyingi mtoto hupona. Likiachwa, aweza kuwa kiziwi. Na mtoto asiyesikia maneno hujifunza kusema kwa shida.

Mnaona? Miaka ya utoto haipiti mara mbili. Mtoto akifika miaka 5, ubongo wake umekwisha kukua karibu kama wa mtu mzima. Wazee husema: «Samaki mkunje angali mbichi.» Kosa lililofanywa wakati huo ni gumu kulinyosha baadaye.

4. Njia ya kufika

Katika Kongo njia ni hii. Kwanza kumaliza miaka 6 ya shule ya msingi. Kisha miaka 2, yaani mwaka wa 7 na wa 8. Kisha miaka 4 ya masomo ya ualimu katika shule ya sekondari. Jumla ni miaka 12. Aliyeanza akiwa na miaka 6, naye asirudie kalasi, humaliza akiwa na miaka 18.

Katika masomo ya ualimu mwanafunzi hujifunza namna mtoto anavyokua, namna ya kutayarisha somo, na namna ya kulifundisha. Hasomi vitabuni tu. Huenda katika kalasi ya kweli, husimama mbele ya watoto, na mwalimu wake hukaa nyuma akiandika mazuri na mabaya.

Mwisho kuna mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967. Wanaosoma ualimu, pamoja na mitihani ya kuandika, hufundisha somo mbele ya watahini. Anayeshinda hupata diploma ya Serikali. Anayetaka kuendelea aweza kuingia chuo kikubwa cha ualimu, kama vile vya Bukavu, Lubumbashi na Kisangani.

5. Je, wewe waweza?

Kazi hii si ya wasichana peke yao, wavulana pia huweza. Yataka subira, sauti ya upole, usafi, na macho yanayoangalia. Anza leo. Ukiachiwa mdogo wako nyumbani, usimwambie tu: «Nyamaza!» Mpe mbegu 10 za mahindi azihesabu nawe. Msimulie hadithi, kisha umwulize ilikuwaje.

Na mtu akikucheka akisema kazi hii haitaki masomo, mjibu kwa adabu: «Mti mkubwa kila mtu huuona. Lakini mche, nani ataulinda usikanyagwe?»

Maulizo

1. Mtoto anayepanga vizibo anajifunza nini?
2. Kwa nini Froebel aliita shule yake bustani?
3. Kazi yake iliendeleaje baada ya kufa kwake?
4. Mwalimu alijuaje kwamba mtoto asiyejibu si mkaidi?
5. Yule anayetaka kuwa mwalimu wa watoto wadogo husoma miaka mingapi kabla ya kupata diploma? Hesabu.