Saratani ya mlango wa kizazi: Anayesubiri maumivu huchelewa

Na Mwandishi Wetu

MWANAMKE aliyekoma hedhi miaka mitano iliyopita anaona matone ya damu kwenye nguo yake ya ndani. Haumwi popote. Anajiambia kuwa pengine hedhi imerejea, na siku zinapita. Mwenzake mwenye umri wa miaka 38 hutokwa na damu kidogo kila baada ya tendo la ndoa, naye hudhani kuwa ni michubuko tu. Wa tatu amenunua dawa ya fangasi katika duka la dawa kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu uchafu wenye harufu unaomtoka ukeni haukomi.

Huenda wote watatu hawana ugonjwa mkubwa. Hata hivyo, hizo ndizo dalili ambazo wagonjwa wengi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wengine huiita saratani ya shingo ya kizazi, huzieleza wanapofika hospitalini, na mara nyingi huwa wameishi nazo kwa miezi kadhaa.

Kwa mujibu wa makadirio ya mwaka 2020 ya wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hiyo katika mwaka huo, na wanawake zaidi ya 6,500 walifariki dunia. Hiyo ni sawa na vifo takribani 18 kwa siku. Duniani kote, mwaka 2022 ugonjwa huo ulikadiriwa kuua wanawake wapatao 350,000, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Linalosikitisha ni kwamba saratani hii ni miongoni mwa chache zinazoweza kuonekana na kuondolewa kabla hazijawa saratani. Muda wa kufanya hivyo ni mrefu, lakini ni muda ambao mwanamke hasikii maumivu yoyote.

Chanzo chake

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayoungana na uke. Ndipo damu ya hedhi inapopitia, na ndipo panapofunguka wakati wa kujifungua.

Karibu wagonjwa wote wa saratani katika sehemu hiyo huwa wamepata maambukizi ya muda mrefu ya kirusi kiitwacho HPV. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyeongoza ugunduzi wa uhusiano huo katika miaka ya 1980, na mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Zipo aina zaidi ya 200 za HPV. Nyingi hazina madhara makubwa, na baadhi husababisha vinyama vya sehemu za siri. Aina chache ndizo zenye uwezo wa kuleta saratani, na mbili kati yake, namba 16 na 18, zinahusika na zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa wote wa saratani ya mlango wa kizazi.

Kirusi hiki huenea kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi ya sehemu za siri. Kondomu hupunguza uwezekano wa kuambukizwa lakini haiuondoi wote, kwa kuwa haifuniki ngozi yote inayogusana. Wanawake na wanaume wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani maishani bila kujua.

Kwa sababu hiyo, kuugua saratani hii si ushahidi wa tabia mbaya. Mwanamke aliyeishi na mume mmoja tangu aolewe anaweza kuambukizwa, na maambukizi hayo huenda yalianza miaka mingi kabla ya ndoa, kwake au kwa mumewe. Fikra kwamba huu ni ugonjwa wa wahuni imewafanya wanawake wengi waone aibu kwenda kupimwa.

Safari ya miaka mingi

Kwa watu wengi, kinga ya mwili hukiondoa kirusi chenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wachache hubaki, na taratibu huanza kuzibadili chembechembe za ngozi laini ya mlango wa kizazi. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu mabadiliko hayo yaanze hadi kuwa saratani.

Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, hususan anayeishi na Virusi vya Ukimwi (VVU) bila kupata tiba, safari hiyo inaweza kuwa ya miaka mitano hadi kumi tu. WHO inaeleza kuwa wanawake wanaoishi na VVU wana hatari takribani mara sita zaidi ya kupata saratani hii wakilinganishwa na wasio na virusi hivyo.

Mambo mengine yanayoongeza hatari ni uvutaji wa sigara, kuanza kujamiiana katika umri mdogo, kuwa na wapenzi wengi au kuwa na mwenza mwenye wapenzi wengi, kuzaa mara nyingi, na maambukizi mengine ya magonjwa ya ngono.

Uchunguzi wa dakika chache

Njia inayotumika zaidi katika vituo vya afya vya umma nchini ni kuangalia mlango wa kizazi kwa macho baada ya kuupaka asidi ya asetiki iliyopunguzwa makali, ambayo ndiyo asidi iliyomo katika siki. Mwanamke hulala kitandani kama afanyavyo anapochunguzwa wakati wa ujauzito, mhudumu huingiza chombo cha kufungulia uke, kisha hupaka dawa hiyo na kusubiri kwa dakika moja hivi. Sehemu yenye chembechembe zilizoanza kubadilika hugeuka kuwa nyeupe, na majibu hutolewa papo hapo.

Nchini India, utafiti uliohusisha wanawake wapatao 150,000 katika makazi duni ya jiji la Mumbai ulionyesha kuwa uchunguzi huo, ukifanywa kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo, ulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 31. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013.

Ipo pia njia ya kuchukua chembechembe na kuzipeleka maabara, ijulikanayo kama kipimo cha Pap, na kipimo kinachotafuta kirusi cha HPV chenyewe. Tangu mwaka 2021, WHO inapendekeza kipimo hicho cha HPV kuwa chaguo la kwanza pale kinapopatikana. Kwa kipimo hicho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, jambo linalowasaidia wanaoona haya kuchunguzwa.

Shirika hilo linashauri wanawake waanze kupimwa wafikapo umri wa miaka 30. Wanaotumia kipimo cha HPV warudie kila baada ya miaka mitano hadi kumi, na wanaotumia njia ya asidi au ya Pap warudie kila baada ya miaka mitatu. Wanaoishi na VVU wanashauriwa kuanza wakiwa na miaka 25, na kupimwa mara nyingi zaidi.

Yakionekana mabadiliko ya awali, hilo halina maana kwamba mwanamke ana saratani. Sehemu iliyobadilika inaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto, kazi inayochukua dakika chache bila kulazwa, na katika vituo vingi hufanyika siku hiyo hiyo. Mwanamke hurudi nyumbani kwa miguu yake. Anaweza kutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na hushauriwa kutojamiiana kwa takribani mwezi mmoja ili kidonda kipone. Mabadiliko yakiwa makubwa zaidi, daktari huikata sehemu hiyo kwa waya maalumu wa umeme.

Hapa ndipo ushirikiano wa mume unapohitajika. Mwanamke anayelazimika kuficha kwamba ametibiwa hushindwa kufuata masharti ya daktari. Wapo pia wanaokatazwa kwenda kupimwa, na wapo wanaotuhumiwa kwa uzinzi mara wanapopewa majibu. Mwanamume naye hubeba kirusi hicho bila dalili, na hakuna kipimo cha kawaida kinachotumika kumchunguza.

Gharama ya kuchelewa

Saratani ikishaanza, madaktari huigawa katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza uvimbe huwa haujatoka nje ya mlango wa kizazi, na mara nyingi upasuaji hutosha kumponya mgonjwa. Katika hatua ya tatu huwa umefika sehemu ya chini ya uke au ukuta wa nyonga, na unaweza kuziba mirija ya mkojo na kuharibu figo. Katika hatua ya nne huwa umeingia kwenye kibofu, kwenye njia ya haja kubwa au katika viungo vya mbali kama mapafu.

Kuanzia hatua ya pili, tiba kwa kawaida huwa ya mionzi ikiambatana na dawa, na huchukua wiki kadhaa. Tiba ya mionzi haipatikani katika kila mkoa. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam ilikuwa ndiyo tegemeo pekee kwa nchi nzima, kabla ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza nayo kuanza kuitoa. Mgonjwa anayetoka mbali hubeba nauli, malazi na chakula chake pamoja na cha anayemwuguza, huku shamba au biashara ikibaki bila mtu.

Wengi wa wagonjwa wanaopokelewa Ocean Road hufika wakiwa katika hatua za mwisho. Baadhi huwa wamepita kwa waganga wa kienyeji, wengine huwa wametumia dawa za kuosha uke zinazouzwa mitaani, ambazo haziondoi kirusi wala chembechembe zilizobadilika.

Dalili zinazomtaka mwanamke aende hospitali bila kusubiri ni kutokwa na damu baada ya kujamiiana, katikati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya kukoma hedhi. Uchafu wenye harufu mbaya usiokoma licha ya dawa. Na maumivu ya kiuno au nyonga yasiyoeleweka. Kuvimba mguu mmoja na kupungua uzito huja baadaye.

Chanjo kwa wasichana

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wenye umri wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu huo ulibadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Watanzania wenyewe wamechangia ushahidi wa dozi moja. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa umri huo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, ulibaini kuwa dozi moja iliamsha kinga iliyodumu katika kipindi chote cha miaka miwili walichofuatiliwa. Nchini Kenya, utafiti mwingine wa wasichana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo.

Uvumi kwamba chanjo hiyo huwafanya wasichana kuwa tasa umewafanya baadhi ya wazazi wawafiche watoto wao. Chanjo haina kirusi kilicho hai, na kamati ya WHO inayosimamia usalama wa chanjo ilieleza mwaka 2017, baada ya dozi zaidi ya milioni 270 kusambazwa duniani, kwamba haijaonekana kuleta utasa. Hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi.

Hata hivyo, chanjo haitibu maambukizi yaliyokwishaingia. Mama mwenye miaka 40 hawezi kutegemea chanjo ya binti yake, na binti aliyechanjwa naye atapaswa kupimwa akifikia umri, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya kirusi hicho.

Pa kuanzia

Mwanamke mwenye umri wa miaka 30 na kuendelea ambaye hajawahi kupimwa anaweza kuanzia katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, na kuulizia uchunguzi wa mlango wa kizazi katika kliniki ya uzazi wa mpango au ya mama na mtoto. Katika vituo vya umma uchunguzi huo kwa kawaida hautozwi fedha. Anayehudhuria kliniki ya VVU anaweza kuuliza huko huko.

Ni vyema kwenda siku ambayo hayupo kwenye hedhi, na kutoweka dawa yoyote ukeni siku moja au mbili kabla. Baada ya kupimwa, aandike tarehe ya kurudi mahali ambapo ataiona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ugonjwa huu, ufa unaweza kukaa miaka 15 ukisubiri kuzibwa, na unahitaji dakika chache tu za mwanamke anayejiona mzima.