Ng'ombe Aangukaye Baada ya Kuzaa

Ni furaha kubwa katika boma la mfugaji asubuhi ile ng'ombe azaapo salama. Ndama amesimama, dang'a imejaa kiwele, na watoto wangojea maziwa. Lakini mara nyingine furaha hiyo haidumu hata siku mbili. Ng'ombe aliyekuwa mzima jana, leo atetemeka, ayumba miguu ya nyuma, kisha alala asiweze kuinuka. Hapo maneno huwa mengi. Mmoja husema, "Ni kijicho cha jirani." Wa pili husema, "Amevunjika mgongo." Wa tatu amekwisha noa kisu, asije mnyama akafa kibudu. Twaandika habari hii ili kisu hicho kingoje kidogo.

Ugonjwa huu huitwa homa ya maziwa. Jina lake lapotosha, maana si homa hata kidogo. Mguseni masikio, mtaona ni ya baridi. Pua yake hukauka, hanyi wala hakojoi, na shingo hujikunja hata kichwa kikalala juu ya ubavu. Asiposaidiwa hulala kifudifudi cha ubavu, tumbo huvimba, fahamu humtoka, naye aweza kufa katika muda wa saa chache. Wengi wapatwao huanguka katika siku 3 za kwanza baada ya kuzaa. Zaidi ni wale wenye maziwa mengi waliokwisha zaa mara tatu au kupita, na hasa wa aina ya Jersey. Mtamba azaaye mara ya kwanza haupati ila kwa nadra.

Sababu yake ni hii. Ndani ya damu mna kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika mifupa na katika chokaa. Yakipungua, misuli hukosa nguvu. Katika damu yote ya ng'ombe mzima mna gramu 3 hivi tu kwa wakati mmoja, lakini lita 10 za dang'a huchukua gramu 20 na zaidi. Ghala kubwa limo katika mifupa, ila mlango wake hufunguka polepole, hasa kwa ng'ombe mzee. Kiwele chadai leo, nayo mifupa yasema kesho. Basi mnyama huanguka, wala hapakuwa na mchawi.

Hata huko Ulaya wafugaji walihangaika kwa ugonjwa huu miaka mingi. Mwaka 1897 Jürgen Schmidt, daktari wa wanyama wa Kolding katika Denmark, alitangaza dawa ya kutiwa kiweleni kwa njia ya chuchu, akidhani humo mna sumu. Baadaye ikaonekana kwamba hewa tupu yatosha, kwa kuwa kiwele kikijazwa hewa, maziwa hupungua kutengenezwa na madini hubaki katika damu. Wengi wakapona kabla sababu haijajulikana. Mwaka 1925 Dryerre na Greig wa Edinburgh, Uskoti, wakaeleza kwamba kilichopungua ni kalsiamu. Katika miaka ya 1930 dawa ya kalsiamu ya kudungwa ikaanza kuenea, nayo ndiyo itumikayo hata leo.

Basi, ng'ombe akianguka, fanyeni hivi.

Kwanza, mwiteni bwana mifugo mara moja, hata ikiwa ni usiku. Yeye huitia dawa katika mshipa polepole, huku akiusikiliza moyo, maana ikiingia kwa haraka moyo waweza kusimama. Kwa hiyo si kazi ya kujaribiwa na kila mtu. Mara nyingi ng'ombe hutetemeka, hucheua, hunya, kisha husimama kabla watu hawajatoka zizini.

Pili, mnapomngojea bwana mifugo, mlazeni ng'ombe juu ya kidari, mkimtegemeza pande zote mbili kwa magunia yaliyojazwa nyasi. Mwekeeni matandiko makavu na kivuli, tena mgeuzeni upande kila baada ya saa chache, kwani uzito wake mwenyewe huiharibu misuli ya mguu ulio chini.

Tatu, msimnyweshe kitu cho chote kwa chupa. Koo lake limelegea, na maji au dawa ya kienyeji yaweza kuingia mapafuni ikamwua.

Nne, akiisha kuinuka, msimkamue mpaka tone la mwisho kwa siku moja au mbili. Ndama apate dang'a yake, na nyingine iachwe kiweleni. Mwangalieni sana, maana wengine huanguka tena.

Huenda mtu akisikia haya atampa ng'ombe mwenye mimba chokaa nyingi. Akosea. Mwili upatao kalsiamu tele huacha kuitafuta mifupani, hata siku ya kuzaa ikifika mlango wa ghala umeshika kutu. Katika wiki 3 za mwisho punguzeni majani ya jamii ya kunde na madini ya chokaa, wala msimnenepeshe kupita kiasi. Akiisha kuzaa, ndipo apewe madini kwa wingi. Aliyeugua mwaka huu aweza kuugua tena mwakani. Bwana mifugo na aarifiwe mapema.

Ndugu zetu, ng'ombe mmoja ndiye ada ya shule na uji wa mtoto katika nyumba nyingi. Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Ng'ombe huyu aweza kupona kwa chupa moja ya dawa, bali ujirani uliovunjwa kwa neno la uchawi hauponi upesi hivyo. Sisi tuliokwisha kuiacha hofu ile ya zamani, tusiirudie zizini. Mnyama akianguka, kijana mmoja na akimbie kumwita bwana mifugo, na mwingine aende kwa jirani yule yule aliyetaka kushtakiwa, amwombe aje kusaidia kumtegemeza.