Kambi za Wanafunzi wa Madarasa ya Mwisho katika Shule za Makanisa

Kambi ya madarasa ya mwisho ni siku chache, aghalabu kati ya tatu na saba, ambazo wanafunzi wa Kidato cha Nne au cha Sita katika shule ya sekondari ya kanisa huondoka madarasani na walimu wao na mchungaji au padri mlezi, wakakaa mahali pengine kuyatazama maisha yanayowasubiri baada ya shule. Haifanani na kambi ya kitaaluma, ile ya kubaki shuleni wakati wa likizo na kufanya mitihani ya majaribio hadi usiku. Safari hii madaftari ya Fizikia huachwa bwenini. Magodoro na masufuria hupakiwa kwenye lori la Fuso, na msafara huelekea kituo cha mafungo cha jimbo au dayosisi, au shule jirani iliyofunga.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Shule za misheni za Afrika Mashariki zilianza mapema kuwalea vijana kama viongozi. Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu, Kenya, mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana. Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ilikuwa shule ya Wakatoliki ambako Julius Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955, na ambako Benjamin Mkapa alisoma. Wazo la kumfunza kijana nje ya darasa kwa kumpa kazi ngumu lilipata nguvu mwaka 1941, pale Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, alipoanzisha shule ya Outward Bound huko Wales kwa ajili ya mabaharia vijana. Katika miaka ya 1950 shule ya aina hiyo ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Nchini Tanzania, makongamano ya Pasaka ya UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, na mikutano ya vijana Wakatoliki wa TYCS yamewazoesha wanafunzi wengi kulala nje ya shule yao kwa ajili ya sala, nyimbo na mafundisho.

Sala na nyimbo zina nafasi yake, lakini jambo linalostahili muda mrefu kuliko yote ni uchaguzi wa fani. Mwanafunzi wa Kitanzania anapochagua tahasusi, yaani mkusanyo wa masomo ya Kidato cha Tano na Sita, anaamua mengi kuliko anavyodhani. Aliyeingia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi tena kuomba udaktari wa binadamu moja kwa moja, kwa kuwa vyuo vikuu hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika Kidato cha Sita. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, jumla zikawa 65 katika makundi saba, yakiwemo ya michezo, sanaa na elimu ya dini. Uwanja wa kuchagua umepanuka, na kukosea kumekuwa rahisi zaidi. Kenya nako mtaala mpya unamtaka mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu achague mojawapo ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi huo huja mapema, kijana akiwa na takriban miaka 15.

Nyumbani, wengi wamesikia majina ya kazi chache tu: udaktari, uhandisi, uanasheria, uhasibu, na ualimu unaotajwa mwishoni kana kwamba ni wa waliokosa. Dawa yake ni kuwapeleka vijana mahali kazi inapofanyika. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa, inatosha kwa siku nzima. Kijana aliyedhani hospitali ni ya madaktari na wauguzi hukuta wataalamu wa maabara, wafamasia, watu wa mionzi, wahasibu, na mafundi wanaotengeneza mashine za wagonjwa mahututi. Hapo hapo kipo TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha utengenezaji wa viungo bandia. Ukitazama kazi yenyewe, fundi hufunga kigutu cha mguu kwa bandeji ya plasta ili kupata umbo lake, hujaza plasta ndani ya umbo hilo, kisha hukaa na tupa akiichonga taratibu pale nyama inapoweza kubeba uzito, na kuongeza plasta pale mfupa unapouma. Baadaye plastiki iliyopashwa moto huvalishwa juu yake. Siku ya majaribio mgonjwa husimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua ya kwanza, na fundi huinama kuangalia kisigino. Kazi hiyo inataka Fizikia, Baiolojia na mkono wa seremala. Hakuna hotuba inayoweza kumweleza mwanafunzi hayo yote kwa dakika kumi kama anavyoyaona mwenyewe.

Ndiyo maana kumlipa mhamasishaji aje kupiga kelele za "mnaweza!" kwa saa mbili ni matumizi mabaya ya kambi. Heri kumwalika muuguzi, fundi umeme, mkulima wa parachichi na mhitimu wa chuo cha ufundi cha VETA, wanafunzi wakawauliza maswali ya watu wazima: ulisoma miaka mingapi, ada ilitoka wapi, ajira uliipataje, nini kinakuchosha. Wahitimu wengi wa Kidato cha Nne hawaendi Kidato cha Tano. Wanapaswa kusikia habari za vyuo vya kati na vya ufundi mapema, tena bila sauti ya kuhurumiwa.

Hapa shule ya Kikristo ina jambo la kuongeza. Neno wito limezoeleka kwa upadri, uchungaji na utawa, ingawa Martin Luther alifundisha tangu karne ya 16 kwamba fundi viatu na mama anayelea mtoto nao wanamtumikia Mungu katika kazi zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) nao ulisisitiza utume wa walei katika kazi zao za kila siku. Kijana akiyaelewa hayo, swali la mshahara linabaki, na linapata mwenzake: kazi hii itamfaa nani?

Uongozi nao hufundishwa vizuri zaidi jikoni. Shuleni kiranja ana mamlaka tayari, naye huweza kumaliza mwaka mzima akiandika majina ya wapiga kelele. Kambini zamu hugeuzwa. Kikundi cha wanafunzi kumi hukabidhiwa fedha ya chakula cha siku, na anayekiongoza ni yule ambaye hajawahi kuwa kiranja. Lazima akadirie mchele na maharage, atume watu sokoni, aandike matumizi, na aamue nani ataamka saa kumi na moja kuwasha moto. Maharage yakichelewa kulowekwa, saa nane mchana bado ni magumu na watu mia moja wameshika sahani. Mwalimu mwenye busara hukaa kimya.

Jioni ndipo somo linapofanyika. Vikundi vya TYCS hutumia njia ya kuona, kuamua na kutenda, iliyoenezwa na Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, na ikaungwa mkono na Papa Yohane XXIII mwaka 1961. Nini kimetokea? Maandiko yanasema nini juu ya kiongozi, mathalani Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu? Kesho tufanye nini? Aliyechelewesha maharage hujibu mbele ya wenzake, na kesho yake yeye ndiye anayegawa chakula na kula wa mwisho.

Shule za makanisa zina wanafunzi Waislamu, na Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu wa kuabudu. Wapewe muda na mahali pa kuswali, na kazi za uongozi sawa na wenzao. Kambi isigeuzwe mahali pa kumbana mtu abadili dini.

Usalama ni suala zito zaidi. John Smyth, mwanasheria Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kambi za Kikristo za wavulana, aliwapiga kikatili vijana aliowapata kupitia kambi hizo, kisha mwaka 1984 akahamia Zimbabwe na kuanzisha kambi nyingine. Mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea katika kambi yake. Smyth alifariki mwaka 2018 bila kutiwa hatiani. Ripoti ya Novemba 2024 ilionyesha kwamba waathirika walizidi 100 na kwamba watu wa kanisa waliojua walinyamaza. Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu. Kwa hiyo fimbo isiwepo kambini, mtu mzima asikae faraghani na mwanafunzi mmoja, matroni na patroni walale karibu na watoto, na kila mwanafunzi awe na namba ya simu ya mtu aliye nje ya kambi anayeweza kumpigia.

Kambi nyingi huharibiwa na tarehe tu. Machaguo ya Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, hujazwa shuleni kabla ya mtihani wa Novemba, na ingawa hufunguliwa muda wa kuyabadili baada ya matokeo, wakati huo kijana yuko nyumbani, mbali na walimu wake. Kidato cha Sita hufanya mtihani Mei, kisha wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Shule ziwapeleke Kidato cha Nne kambini likizo ya Juni, si baada ya hapo, na Kidato cha Sita wapelekwe Desemba, miezi michache kabla ya mtihani. Mzazi akiletewa fomu ya ruhusa, aulize kwanza tarehe, na majina ya watakaolala na watoto, ndipo asaini.